Simiyu Tulimzika Bila Mwili

Siku aliyokuja Makokha na habari za kazi, nilikuwa nikimfundisha mama mmoja wa mtaa wa Tuwan kurudisha gari nyuma. Alikuwa mwalimu wa nasari, mwenye subira na watoto wa watu lakini asiye na subira na klachi. Nilimwambia ninachowaambia wanafunzi wangu wote wa udereva: gari halina hasira na wewe, linangoja tu uliambie unachotaka. Akacheka, mguu ukatulia, na tukaingia katikati ya vijiti viwili vya mazoezi bila kugusa hata kimoja.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Kando ya barabara mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai, na Kitale nzima ilikuwa ikitazama mawingu ya upande wa Mlima Elgon. Simiyu alikuwa hapo karibu, amesimamisha lori la tajiri wake, akingoja wapakiaji wamalize magunia. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akila muhindi wa kuchoma na kunichokoza kwa sauti ili mwanafunzi wangu asikie.

"Mwalimu! Huyo mama akipita mtihani mimi naacha barabara. Nitakuwa natembea na miguu Bungoma mpaka Kitale."

"Wewe lori linajiendesha lenyewe," nikamjibu. "Kazi yako ni kupiga honi."

Nieleze kidogo kwa nini tuliongea hivyo, kwa sababu yote yaliyofuata yamesimama juu ya jambo hili. Mimi naitwa Wanjala. Mimi, Simiyu na Makokha tulitahiriwa asubuhi moja ya Agosti huko Kamukuywa, katika boma moja, mbele ya ngariba mmoja. Tulisimama mmoja baada ya mwingine tukiwa tumepakwa tope la mtoni, na hakuna aliyepepesa jicho. Kisha tukauguza vidonda vyetu katika nyumba moja mpaka tukapona. Kwetu Wabukusu watu wa namna hiyo huitwa bakoki. Mkoki wako anaweza kukutukana mbele ya mke wako na usikasirike. Watoto wake na wako hawawezi kuoana, maana ni kama wamezaliwa tumbo moja. Na jambo ambalo naomba ulishike, msomaji, ni hili: mkoki haulizwi ushahidi. Ukimwambia "Una hakika? Nionyeshe," ni kama umemwambia kwamba asubuhi ile alilia mbele ya kisu.

Makokha alikuwa akiishi Bungoma mjini wakati huo. Alifanya kazi na ofisi moja ya kupeleka watu ng'ambo, na viatu vyake vilikuwa vimeanza kung'aa kuliko vyetu. Alitukuta pale kando ya lori, akatusalimu, akanunua soda.

"Nyinyi mtakufa mkikula vumbi hapa Kitale," alisema. "Kuna kazi ya lori Urusi. Ghala kubwa. Unapakia hapa, unapeleka pale, jioni unalala. Madereva wanatafutwa kama dhahabu."

"Huko si kuna vita?" Simiyu aliuliza.

"Hiyo vita iko mbali, bana. Kwani mvua ikinyesha Mombasa wewe unafungua mwavuli hapa?"

Tulicheka. Simiyu akatupa gunzi la muhindi, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa si ni mimi nawaambia?" Makokha akasema. "Ama mnataka niape?"

Hatukutaka aape. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na mshahara wangu ulikuwa ukija ukitaka. Simiyu alikuwa akiendesha lori la mtu mwingine tangu ujana wake na alitamani siku moja kuendesha la kwake. Pasipoti zilipotoka, tulikwenda Kamukuywa kuagana na mama yake. Sote tulimwita Mayi, yaani mama, kwa sababu nyumba tuliyouguzia vidonda ilikuwa yake na uji tuliokunywa ulitoka mkononi mwake. Alituombea tukiwa tumepiga magoti sebuleni. Kisha akamshika Makokha mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye unajua njia," alimwambia. "Hawa nimekupatia."

"Mayi, hawa ni damu yangu," alisema Makokha.

Tuliposhuka kwenye ndege huko Urusi tulipokewa na mtu aliyetabasamu sana. Alichukua simu zetu, akasema ni za kusajiliwa. Akatupa karatasi tuweke sahihi, zimeandikwa kwa herufi ambazo hatukuweza kusoma hata moja. Basi lililotubeba halikuingia mjini. Lilipita misitu mpaka tukafika kwenye mahema, na hapo tukapewa sare za kijani na viatu vizito.

Simiyu alijitazama. "Labda madereva wa huku wanavaa hivi," alisema.

Kamanda wetu hakujua Kiingereza. Alikuwa na simu ya kutafsiri. Yeye aliongea kwa kufoka, uso umeiva, na simu ikangoja amalize, kisha ikatuambia kwa Kiswahili kizuri, kwa sauti ya mwanamke mpole. Siku ya kwanza Simiyu aliuliza malori yako wapi. Kamanda alicheka, akaiambia simu jambo fupi.

"Hakuna malori," ilisema simu. "Nyinyi ni askari. Karibuni sana."

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu jinsi mtu mzima anavyoweza kusikia maneno hayo na asianguke chini. Ukweli ni kwamba mwili hauelewi mara moja. Tulikwenda kula. Tulilala. Asubuhi tukafundishwa kufungua bunduki na kuifunga, nami nikajikuta nimeshika haraka kuliko wenzangu, kwa sababu nimezoea kujifunza mashine. Ni jioni ndipo nilipojikuta nafunga kamba za viatu, nazifungua, nazifunga tena, bila kujua ni mara ya ngapi.

Walituruhusu kupiga simu mara moja tu tukiwa pale. Mimi nilimpigia mke wangu, nikamwambia ni baridi. Simiyu alimpigia Makokha, na nikasikia maongezi yote kwa sababu tulikuwa tumebanana kwenye kona ya hema.

"Makokha, hapa tumepewa bunduki."

"Hayo ni mafunzo ya kawaida. Kila mgeni anapitia. Vumilieni kidogo, nitaongea na wakubwa."

"Utaongea nao lini?"

"Leo. Leo hii. Lakini msimwambie Mayi. Si unajua presha yake?"

Hatukumwambia Mayi. Baadaye kijana mmoja wa Kighana alituazima simu aliyoificha, na Simiyu akajaribu namba ya Makokha tena na tena. Haikupatikana.

"Ni mtandao," Simiyu alisema. "Huyo anatutafuta huko, anazunguka ofisi za watu. Namjua."

Mafunzo yalikuwa mafupi. Tulipelekwa mstari wa mbele wa vita theluji ikiwa imeanza kuyeyuka na ardhi imekuwa matope mazito kuliko ya Cheptais wakati wa masika. Vita nilivyoviona mimi havikuwa vya watu kukimbiliana. Kulikuwa na mashamba makubwa tambarare, na kati ya shamba na shamba mstari mwembamba wa miti ya kuzuia upepo. Sisi tulikaa katika mstari mmoja wa miti, ndani ya mahandaki. Adui alikaa katika mstari mwingine ambao sikuwahi kuufikia. Sikuona uso wa adui hata mmoja.

Tulichokiona kilikuwa angani. Droni, ndege isiyo na rubani inayobeba bomu, ni kitu kidogo, unaweza kukibeba kwa mkono mmoja kama sufuria. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni pikipiki iko mbali, inapanda mlima. Kisha sauti inakuwa nyembamba, na unatambua kwamba haiji na barabara. Kuna mtu mahali fulani ameketi, anakutazama kwenye kioo, na anaweza kukufuata mpaka mlangoni mwa handaki. Ukikimbia anakuona vizuri zaidi. Ukitulia anashuka polepole akuangalie kama uko hai. Simiyu, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu tukiwa watoto, alijifunza kunyamaza huko. Lakini kamanda alipotoa amri na ile simu ikatuambia kwa upole, "Tafadhali nendeni kwenye mstari wa miti," aliniangalia akasema, "Angalau simu iko na adabu, bana."

Siku aliyokufa Simiyu ilikuwa na jua. Naliweka hili hapa kwa sababu watu hudhani ilikuwa usiku na dhoruba. Ilikuwa asubuhi ya jua, anga safi, siku ambayo hapa kwetu mtu angeanika nguo.

Maji yalikuwa yameisha. Yaliwekwa ng'ambo ya shamba, kwenye mstari wa miti uliokuwa nyuma yetu. Kamanda alinyoosha kidole. Simu ikasema wawili waende.

Tulikwenda mimi na yeye.

Kwenda tulifika salama. Tulijaza madumu, tukanywa, tukakaa kidogo chini ya miti tukisikiliza. Simiyu alisema, "Tukitoka hapa, Makokha atanunua mbuzi. Mzima. Na hatutamwachia hata kichwa."

"Bado unamngoja?" nilimuuliza.

"Wewe humngoji?"

Akanyanyua dumu, akaniambia nimwachie nafasi, tusiende tukiwa tumekaribiana. Akatangulia.

Alikuwa katikati ya shamba.

Niliisikia. Naye aliisikia, maana alisimama.

Hakukimbia. Alikumbuka tulivyofundishwa, akatulia, akachuchumaa, dumu pembeni yake.

Ilishuka. Ilimzunguka. Ikakaa juu yake kwa muda, kama ndege anayechagua tawi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope. Niliona akiinua uso kuitazama. Akainua na mkono pia, kiganja wazi, kama dereva anayemsimamisha mwenzake barabarani.

Kisha nikaona moshi. Mlio ulikuja baadaye, au hivyo ndivyo ninavyokumbuka.

Dumu lilikuwa bado limesimama. Yeye hakuwa.

Nilianza kutambaa kwenda alipo. Nyingine ikaja. Hiyo ndiyo iliyonichana paja, na jinsi nilivyovutwa kutoka pale shambani sikumbuki mpaka leo. Niliambiwa aliyenivuta ni yule Mghana wa simu. Simiyu alibaki. Kwa siku zote nilizokaa katika handaki nikingoja kubebwa, ukichungulia, ungeweza kuona rangi ya koti lake. Nilimwomba kamanda tumchukue. Alisema maneno machache, bila kufoka safari hii.

"Samahani," ilisema simu. "Haiwezekani."

Nitafupisha sehemu ya kurudi. Nililazwa hospitalini, na nilipoweza kutembea kwa gongo nilitoka siku ya kuruhusiwa kupata hewa, nikapanda treni, nikafika ubalozi wetu. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mtu wa Webuye. Aliponisikia nikiongea alinishika asiniache nianguke.

Nilifikia Kitale. Nilidhani kazi iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzito lakini iko wazi: kumwambia Mayi kwamba mwanawe amekufa. Ndipo mke wangu akaniambia niketi kwanza.

Makokha alikuwa akienda Kamukuywa mara kwa mara. Alimwambia Mayi kwamba Simiyu aliumia kidogo kazini, yuko hospitali nzuri, haongei kwenye simu kwa sababu ya jeraha la taya. Tena alimtafutia Wekesa, mdogo wake Simiyu, nafasi ya kwenda huko amuuguze kaka yake na apate kazi palepale. Pasipoti ya Wekesa ilikuwa tayari. Wangesafiri pamoja na vijana wengine aliowapata Cheptais, na safari ilikuwa karibu.

Kesho yake nilikuwa Kamukuywa. Mayi alinipokea kwa kilio cha furaha, akanishika kichwa, akagusa gongo langu. Nilimwambia palepale, kabla sijanywa chai. Nilijua nikinywa nitashindwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Ulimwona?"

"Nilimwona, Mayi."

"Ulimgusa?"

"Sikuweza kumgusa."

"Basi hujui." Aliinuka, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. "Makokha anasema ako hai. Wewe unasema amekufa. Wewe ni mkoki wa mtoto wangu, na yeye ni mkoki wa mtoto wangu. Mbona nikushike wewe nimwachilie yeye?"

Lilikuwa swali la haki. Wekesa alikuwa amesimama mlangoni, kijana mrefu mwenye mabega ya kaka yake.

"Mimi naenda," alisema. "Kama ako hospitali nitamwona. Kama amekufa nitamleta."

"Wekesa, huko hakuna mtu anayeletwa," nilimwambia.

"Na wewe umerudi aje?"

Baba yao mdogo, mzee Wamalwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma lile baada ya baba yao kufariki, alikohoa. Alisema kama mtu amekufa mbali na mwili haupatikani, Wabukusu hawamwachi azurure. Hukatwa shina la mgomba, likafungwa nguo yake, likazikwa na maombi yote, na watu wakalia, wakanyoa nywele. Aliona kuwa tufanye hivyo.

"Unataka nimuue mtoto wangu?" Mayi alimgeukia. "Kuzika mtu ako hai ni kumuua. Unajua hivyo."

"Najua."

Nje kuku walikuwa wakichakura kwenye maganda ya maharagwe. Mayi alikaa chini, akatazama mikono yake, na alipoinua uso nilimwona ameamua jambo.

"Basi tuzike," alisema. "Na Makokha aitwe. Aambiwe tu ninamtaka hapa. Kama mtoto wangu ako hai, mkoki wake hawezi kubali azikwe. Ataingia hapo atoe hilo shina alitupe mbali, hata kama ni kwa vita. Ndiyo kazi yake."

"Na asipolitoa?" Wekesa akauliza.

Mzee Wamalwa ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sote tulilijua tangu utoto: ukimtoa marehemu katika kaburi lake, kifo chake unakibeba mpaka kwako, kwa watoto wako. Makokha alikuwa na watoto. Kama Simiyu alikuwa hai, kulitoa shina lile kulikuwa wajibu. Kama alikuwa amekufa, hakuna Mbukusu ambaye angeligusa. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo siku nzima. Mama yule alitaka aone mkono.

Shimo lilichimbwa kesho yake asubuhi pembeni ya nyumba ya Simiyu, nyumba ya udongo aliyoijenga baada ya kutahiriwa. Mgomba ulikatwa. Tuliufunga kwa shati lake jeupe la kanisani, na mimi ndiye niliyefunga vifungo, mpaka cha shingoni. Majirani walikuja wakiwa hawana uhakika kama wanakuja kulia au kutazama. Hakuna aliyeanza kuimba.

Makokha alifika mchana, amevaa kofia na koti la suti, akitembea haraka kama mtu mwenye shughuli nyingine. Aliponiona alisimama. Sikuwa nimeonekana Bungoma, na hakuwa ameambiwa nimerudi.

"Wanjala! Bana! Umekuja lini?"

Sikumpa mkono. Akatazama shimo, akaona shina limelazwa ndani, akaona shati.

"Mayi, hii ni nini? Mnazika nani?"

Mayi alikwenda mpaka aliposimama Makokha. Alikuwa mfupi kiasi kwamba ilibidi ainue kidevu.

"Ndiyo nimekuita, baba," alisema. "Huyu Wanjala amekuja na maneno. Ati mtoto wangu amekufa. Wananizikia yeye akiwa hai. Wewe unajua ako hai. Ingia utoe hiyo kitu, twende ndani tukunywe chai."

Makokha alicheka kidogo, na hakuna aliyecheka naye.

"Mayi, wacha kwanza nipige simu kule hospitali."

"Simu ya nini? Jana ulisema umeongea na daktari."

"Ndiyo, lakini..."

"Toa, Makokha. Mimi ni mama yako. Uji wangu umekunywa. Toa mtoto wangu kwa hilo shimo."

Alisogea mpaka ukingoni. Aliinama. Mkono wake ulishuka, na nakumbuka udongo kidogo uliporomoka kutoka chini ya kiatu chake, ukaangukia lile shati. Wekesa alikuwa ng'ambo ya shimo, akiutazama mkono ule. Mimi mwenyewe, niliyemwona Simiyu akiwa chini katika shamba lile, nilijikuta nikimwomba Makokha kimoyomoyo: litoe. Litoe, uniumbue mimi, nionekane mwongo, tukanywe chai.

Mkono ulisimama hewani.

Ukarudi.

Makokha alijinyoosha polepole, akavua kofia.

"Mayi," alisema, "mimi pia niliambiwa tu."

Kilio alichotoa Mayi sitakieleza. Wale waliozika mtoto wanakijua, na wengine Mungu awaepushe. Wanawake walimpokea wasimwache aanguke, na boma lote likaanza kulia mara moja, kama mvua iliyokuwa imeshikiliwa. Wekesa alitoa pasipoti mfukoni. Hakuichana, hakuitupa. Alimpa mzee Wamalwa, akaenda kukaa nyuma ya jiko peke yake.

Vijana walimzunguka Makokha na mmoja akainua jembe. Nilitaka ampige. Ni Mayi aliyewazuia, kutoka pale chini alipokuwa ameketi.

"Mwacheni. Mpatieni hilo jembe," alisema. "Bakoki ndio wanaweka udongo wa kwanza. Azike."

Tukazika. Mimi upande mmoja na gongo langu, yeye upande wa pili na koti lake la suti. Tulipokaribiana aliongea bila kuniangalia.

"Wakubwa hawakuniambia ukweli wote, Wanjala."

"Ulijua lini?"

Lilikuwa swali ambalo sikuwahi kumuuliza mkoki wangu maishani. Aliendelea kusukuma udongo.

"Kabla hamjaondoka nilisikiasikia," alisema mwishowe. "Nikadhani nyinyi ni madereva. Nikadhani hamtawekwa mbele."

Leo ni zaidi ya mwaka tangu siku hiyo. Makokha alihojiwa Bungoma, akaachiliwa, na ile ofisi ikahama. Wengi wa vijana wa Cheptais walizuiwa na wazazi wao wasiende habari ilipowafikia. Wawili walikwenda. Mimi nimerudi kufundisha udereva, na paja likiniuma siku za baridi namwachia mwenzangu gari. Nikikutana na mzazi ambaye mtoto wake amepigiwa simu ya kazi ya mbali, namketisha na kumweleza yote haya bila haraka, hata akinichoka. Namwambia aulize. Aulize kazi ni gani, kwa nani, na nani aliyerudi kutoka huko akiwa salama. Aulize hata kama aliyempigia ni mtu wa damu yake, mtu wa kanisani, mkoki wa mwanawe. Swali halijawahi kumvunjia heshima mtu mkweli, na mimi nilichelewa kulijua hilo pamoja na Simiyu, na ni yeye aliyelilipia.

Watu hudhani kinachonifanya nimchukie Makokha ni vita. Hapana. Vita vilikuwa vya watu wengine tangu mwanzo. Kinachoniuma ni yale mazungumzo chini ya miti, madumu yamejaa: Simiyu alikwenda katikati ya shamba lile akiwa bado anamngoja. Nimejiuliza kama lingekuwa jambo jema kwake kujua kabla hajafa. Kuna siku naona ndiyo. Kuna siku nashukuru alikufa akiwa bado na bakoki wawili, kwa maana mimi sasa sina hata mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Kamukuywa kumsaidia Mayi kupalilia. Hakuzungusha ua kwenye kaburi. Amepanda maharagwe mpaka ukingoni kabisa, na nilipomuuliza alisema humo hakuna mtu, kuna mgomba. Tulilima mpaka jua likawa kali, tukaketi kivulini mwa nyumba ya Simiyu.

"Pale mlimwacha," alisema. "Ni shamba la nini?"

"Alizeti, Mayi. Niliona mabua yake ya zamani."

Yeye ni mkulima, na nilimwona akilipima shamba lile kichwani, upana wake, udongo wake.

"Basi wenyewe watarudi kulima," alisema. "Hakuna mtu anaacha shamba zuri hivyo. Wakilima watamwona."

Shamba lile limefukiwa mabomu kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna trekta litakaloingia humo, pengine mpaka mimi na yeye tumekufa. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni.

"Watamwona, Mayi," nilisema, nikachukua jembe langu, tukarudi kwenye maharagwe.